Steki na Viazi vya Kukauka vya Oveni: Mwongozo Kamili wa Mlo wa Jioni Nyumbani

Steki na viazi ni mlo wenye viungo vichache mno, na kwa sababu hiyo hauna mahali pa kufichia makosa. Hakuna mchuzi mzito wa kuiokoa nyama iliyokauka, wala nazi ya kulainisha kiazi kilichooka nje kikabaki kigumu ndani. Wapishi wengi wa nyumbani huilaumu nyama waliyouziwa, au hulilaumu jiko, ilhali kwa uzoefu wangu mkosaji karibu kila mara ni maji yaliyobaki juu ya kitu kinachopikwa. Maji huchemka yakifika nyuzijoto 100, na maadamu yapo juu ya nyama au kiazi, moto wote unaouwasha hutumika kuyageuza mvuke badala ya kuoka. Rangi ya kahawia na harufu ile inayomfanya mtu aje jikoni bila kuitwa huanza kujengeka kwa kasi kwenye takriban nyuzijoto 140, pale protini na sukari zinapoungana katika mmenyuko unaoitwa wa Maillard, kwa jina la mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyomo katika mwongozo huu, kuanzia kutia chumvi hadi kutikisa viazi kwenye sufuria, ni njia ya kuyaondoa maji juu huku ukiyahifadhi ndani.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo vya hapa ni vya watu 2. Tafuta steki 2 zenye unene wa sentimita 3 hadi 4, kila moja ikiwa na uzito wa karibu gramu 300, pamoja na viazi mviringo kilo 1. Kilo nzima huonekana nyingi kwa watu wawili mpaka trei itoke kwenye oveni. Utahitaji pia chumvi laini, soda ya kuokea (ile inayotumika kwenye keki, ambayo isichanganywe na beking pauda), mafuta ya kupikia yasiyo na ladha kali kama ya alizeti, siagi gramu 60, punje 5 za kitunguu saumu, vijiti viwili vitatu vya rozimari au thaimu, pilipili manga ya kusaga papo hapo, kitunguu kidogo kimoja na kijiko cha chai cha haradali kwa ajili ya sosi.

Kwa upande wa vyombo, kikaango kizito cha chuma ndicho kinachofaa zaidi, kwa sababu chuma kingi hubeba joto jingi na hakipoi ghafla nyama baridi inapowekwa juu yake. Kikaango chepesi hupoteza joto papo hapo, nyama ikatoa maji, na maji hayo yakaichemsha. Vikaango vyenye utando wa kuzuia chakula kisishike havifai kwa kazi hii, kwa kuwa utando huo huharibika chombo kikipashwa moto mkali kikiwa kitupu. Ongeza trei pana ya oveni, waya wa kupozea keki, koleo ya jikoni na kipimajoto cha nyama. Ikiwa fedha zako zinatosha kifaa kimoja tu kati ya hivi, nunua kipimajoto na uazime vingine.

Kuchagua nyama

Unene wa steki una umuhimu kuliko jina lake. Kipande chembamba cha sentimita moja na nusu huiva ndani kabla hakijapata rangi nje, na hapo hakuna ufundi utakaokisaidia. Mwombe muuzaji akukatie kipande kinene, na ikiwa bajeti hairuhusu vipande viwili vinene, ni afadhali kununua kimoja cha gramu 500 au 600, kukipika kizima, kisha kukikata vipande na kugawana.

Sehemu zinazofaa ni zile ambazo ng'ombe hazitumii sana anapotembea, yaani misuli ya mgongoni. Fileti ni laini kupita zote lakini ina mafuta machache, na ladha yake ni ya upole mno kwangu. Nyama ya mgongo iliyo juu ya mbavu, yenye michirizi myeupe ya mafuta iliyosambaa ndani ya nyama yenyewe, ina ladha nzito zaidi na humsamehe mpishi aliyepitiliza kidogo, kwa kuwa mafuta hayo huyeyuka na kuilainisha. Nyama ya bega na ya muundi ina kolageni nyingi inayohitaji saa kadhaa za moto mdogo ili ilainike. Hiyo ipelekwe kwenye sufuria ya mchuzi.

Kutia chumvi na kukausha

Chumvi itiwe ama saa nyingi kabla ya kupika au dakika ileile unapoiweka nyama kwenye kikaango, na kosa kubwa ni kuangukia katikati. Sababu yake unaweza kuishuhudia mwenyewe. Nyunyiza chumvi juu ya steki kavu na uiangalie: baada ya dakika tatu au nne vitone vya maji huanza kuchomoza, na kufikia dakika 15 uso wote wa nyama unang'aa kama uliomwagiwa maji, kwa sababu chumvi imeyavuta kutoka ndani. Ukiipika wakati huo, umeipika ikiwa imelowa. Ukiiacha, maji hayo huyeyusha chumvi, na taratibu nyama huyanyonya tena yakiwa na chumvi ndani yake. Baada ya dakika 40 hivi uso umeanza kukauka upya. Baada ya kulala usiku mzima kwenye jokofu, juu ya waya na bila kufunikwa, huwa mkavu kama karatasi, na rangi yake imekuwa nyekundu iliyokolea inayokaribia zambarau.

Kiasi ninachotumia ni gramu 10 za chumvi kwa kilo moja ya nyama, ambazo kwa steki zetu mbili zenye jumla ya gramu 600 ni sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa juu. Nyunyiza ukiwa umeinua mkono juu kiasi ili chumvi isambae, na usisahau kingo. Pilipili manga iache kwanza, kwani huungua kwenye moto mkali na kuwa chungu. Itasagwa juu ya nyama mwishoni.

Nyama hii isioshwe. Najua wengi tumelelewa tukiosha kila nyama kabla ya kuipika, lakini maji ya bomba hayaui vijidudu, bali huvirusha kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, na juu ya hayo hurudisha unyevu uleule tunaoupiga vita. Kinachoua vijidudu vilivyo juu ya nyama ni kikaango.

Lipo pia shauri linalorudiwa sana kwamba steki itolewe kwenye jokofu nusu saa kabla ya kupikwa ili ipoteze ubaridi. Ukiipima kwa kipimajoto utaona kwamba kipande kinene hakipandi ila nyuzijoto chache katika muda huo, na tofauti hiyo haionekani kwenye sahani. Itoe unapokuwa tayari, uifute kwa karatasi ya jikoni pande zote hadi karatasi itoke kavu, kisha uendelee.

Viazi vinaanza kabla ya nyama

Nyama huchukua dakika zisizozidi 10 motoni, ilhali viazi huchukua zaidi ya saa moja na nusu ukihesabu kuanzia kuvimenya. Tuseme unataka kula saa 2 usiku. Washa oveni saa 12 na nusu jioni, kwenye nyuzijoto 230, au 220 ikiwa ina feni, na wakati huohuo bandika maji ya viazi. Saa 1 kasorobo viazi viwe vinachemka, na saa 1 na dakika 5 viingie kwenye oveni. Kikaango cha steki kiwekwe motoni saa 1 na dakika 35, nyama itoke kabla ya saa 2 kasoro dakika 10, na ipumzike wakati unamalizia sosi na kuvitoa viazi. Ukikosea ratiba, kosea kwa upande wa kuwahi viazi, kwani vinaweza kusubiri ndani ya oveni iliyozimwa kwa dakika 10 bila madhara, jambo ambalo steki iliyo kwenye kikaango haiwezi.

Chagua viazi vya unga, vile ambavyo ukivichemsha hupasuka na kuvunjikavunjika, badala ya vile vyenye ngozi nyororo vinavyobaki vigumu na vyenye kunata hata baada ya kuiva. Wanga mwingi ndio unaojenga ganda. Viazi vyenye mabaka ya kijani viweke kando, kwa kuwa rangi hiyo ni ishara ya mwanga mwingi, na mwanga huohuo huongeza sumu iitwayo solanini. Baka dogo unaweza kulikata kwa kina, lakini kiazi kilichogeuka kijani kwa sehemu kubwa kitupwe. Usivitunze viazi vya kuoka kwenye jokofu, maana ubaridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huviunguza nje kabla havijakauka.

Vimenye na uvikate vipande vikubwa vya sentimita 4 hadi 5, ukijitahidi kupata pande nyingi bapa, kwa sababu kila upande bapa ni mahali pa ganda. Weka lita 2 za maji kwenye sufuria, tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, na yakichemka tumbukiza viazi. Soda hiyo ndogo ndiyo siri ya kazi yote. Chembe za kiazi hushikanishwa na pektini, na pektini hudhoofika upesi kwenye maji yenye ualikali. Matokeo yake ni kwamba uso wa kiazi hulainika na kuanza kumomonyoka wakati moyo wake bado umeshikana. (Siki hufanya kinyume chake: anayechemsha vijiti vyembamba vya chipsi akitaka visivunjike hutia siki kidogo kwenye maji.) Usizidishe soda kwa kudhani kwamba ikiwa nyingi itafanya vizuri zaidi, kwani ladha yake ya sabuni haiondoki.

Chemsha kwa dakika 8 hadi 10, ukijaribu kwa ncha ya kisu. Kisu kiingie kwa urahisi kwenye kingo na kikutane na ukinzani mdogo tu katikati, na kingo za vipande ziwe zimeanza kupoteza ukali wake na kuonekana kama zimechanikachanika. Mwaga maji yote kwa chujio, rudisha viazi kwenye sufuria tupu iliyo bado na moto, na uviache vifuke mvuke kwa dakika 2 au 3. Mvuke unaouona ukipaa ni maji yanayoondoka bila wewe kufanya kazi yoyote, kwa hiyo usifunike.

Wakati huo pasha vijiko 4 vya chakula vya mafuta pamoja na punje 3 za kitunguu saumu zilizokatwakatwa na majani ya rozimari, kwa moto mdogo, hadi kitunguu saumu kianze tu kugeuka rangi ya dhahabu. Chuja mara moja, mafuta uyaelekeze juu ya viazi, na makombo uyaweke pembeni kwa ajili ya kuchanganya mwishoni. Yakiingia kwenye oveni sasa yatakuwa makaa kabla viazi havijaanza kubadilika. Sasa funika sufuria, ishike kwa mikono miwili, na uitikise kwa nguvu juu na chini kwa sekunde 15. Ukifunua utaona vipande vimepakwa tabaka la kitu kama uji mzito uliochanganyika na mafuta, na kingo zake zimekwaruzika kila upande. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilidhani nimeviharibu, nikavipangusa. Usivipanguse. Tabaka hilo la wanga ndilo litakalokuwa ganda.

Vimimine kwenye trei, uvisambaze kila kimoja kikiwa na nafasi yake, na upande bapa ukitazama chini. Viazi vilivyobanana hufukizana kwa mvuke vikatoka laini na vyeupe. Ikiwa trei moja ni ndogo tumia mbili. Vioke kwa dakika 20 bila kuvigusa hata kidogo. Baada ya hapo chomeka mwiko bapa wa chuma chini ya kimoja: kikiachia chenyewe kiko tayari kugeuzwa, na kikiwa kimeshika, kipe dakika 5 zaidi, kwa sababu ukikilazimisha ganda lake litabaki kwenye trei. Baada ya kuvigeuza mara ya kwanza, virushe kila baada ya dakika 10 hadi vipate rangi ya kahawia ya dhahabu kila upande, jambo ambalo huchukua jumla ya dakika 45 hadi 55. Ukitikisa trei, viazi vilivyokauka hugongana kwa mlio mkavu kama wa vijiwe, na mlio huo ni kipimo cha kuaminika kuliko saa.

Kupika steki

Fungua madirisha, kwa sababu moshi utakuwepo. Weka kifuniko kinachoenea kikaango karibu na mkono; ikitokea mafuta yakashika moto, zima jiko na ufunike, na kamwe usimwage maji.

Pasha kikaango kikiwa kitupu kwa dakika 4 hadi 5 kwa moto uliozidi wastani. Dondosha tone la maji: likichemka na kukauka palepale, chuma bado hakijafika, likigeuka kijishanga kinachokimbiakimbia juu ya chuma kama zebaki, kimefika. Panguza maji, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, na mara unapoona utepe mwembamba wa moshi, laza nyama taratibu ukianzia upande ulio karibu nawe na kumalizia upande wa mbali, ili mafuta yakiruka yasikujie. Usitumie siagi katika hatua hii, kwani yabisi za maziwa zilizomo huungua mapema sana kwa moto kama huu.

Sikiliza. Nyama kavu iliyowekwa kwenye chuma chenye moto hulia kwa sauti kali na ya mfululizo. Sauti ikishuka na kuwa ya kutokota, ujue kuna maji yanayochemka kikaangoni. Ongeza moto, na kama umeweka steki mbili kwenye kikaango kidogo, ondoa moja. Ikandamize nyama kidogo kwa koleo katika sekunde 20 za mwanzo ili iguse chuma kila mahali, kisha uiache hadi dakika moja itimie.

Igeuze baada ya dakika hiyo ya kwanza, na baadaye endelea kuigeuza kila baada ya sekunde 30 hadi 60. Wapo wanaoshikilia kwamba steki igeuzwe mara moja tu, nami niliifuata kanuni hiyo kwa miaka mingi bila kuhoji, hadi nilipokata vipande viwili vilivyopikwa kwa njia hizo mbili na kuvilinganisha. Kile kilichogeuzwa mara moja kilikuwa na ukanda mpana wa kijivu chini ya ganda, na wekundu mdogo katikati. Kile kilichogeuzwageuzwa kilikuwa na ukanda mwembamba, na sehemu kubwa ya ndani ilikuwa na rangi moja. Upande ulio juu hupata nafasi ya kupoa kidogo kila mara, kwa hiyo joto huingia ndani kwa upole, na nyama huiva upesi zaidi kwa kuwa hakuna upande unaokaa muda mrefu ukipoteza joto hewani. Baada ya kama dakika 4, shika steki kwa koleo na uisimamishe kwa ule ukingo wenye mafuta meupe, kwa dakika moja au zaidi, hadi mafuta hayo yayeyuke na kupata rangi.

Zikiwa zimebaki nyuzijoto 10 hivi kufikia kiwango unachotaka, punguza moto uwe wa wastani, mwaga mafuta yaliyozidi, kisha tia gramu 40 za siagi, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa pamoja na maganda yake, na kijiti cha thaimu. Siagi ikishatoa povu, inamisha kikaango kuelekea upande wako na uichote kwa kijiko, ukiimwagia nyama juu mfululizo. Povu likiisha na siagi kunukia karanga, muda wake umekwisha. Ikianza kuwa nyeusi, umechelewa.

Viwango vya kuiva

Chomeka kipimajoto kupitia ubavuni mwa steki hadi ncha ifike katikati kabisa, wala isiguse mfupa. Nyama yenye nyuzijoto 50 hadi 52 ni mbichi yenye joto, nyekundu na laini. Kati ya 54 na 57 ni nyekundu ya waridi, bado ina maji mengi, na mafuta yameanza kulainika. Hapo ndipo ninapoipenda. Kati ya 60 na 63 ni ya waridi hafifu, na ikivuka 65 huanza kuwa ya kijivu na kukamuka, kwa sababu protini zake hujikunja na kuyasukuma maji nje. Itoe kwenye moto ikiwa imebakiza nyuzijoto 3 hadi 5, kwani joto lililo nje huendelea kusafiri kuelekea ndani hata nyama ikiwa kwenye waya. Steki ya unene tuliousema hufika nyuzijoto 52 katika dakika 8 hadi 10, lakini muda huo ni wa kukuandaa tu, kwani uamuzi ni wa kipimajoto.

Kimiminika chekundu kinachotoka si damu, bali ni maji ya nyama yenye mayoglobini, protini inayotunza oksijeni kwenye misuli. Kuhusu usalama, vijidudu kwenye kipande kizima cha nyama ya ng'ombe huwa juu, si ndani, na ndiyo maana steki inaweza kuliwa ikiwa na rangi ya waridi, ilhali nyama ya kusaga, ambayo nje yake imechanganywa na ndani, haiwezi. Hata hivyo Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri steki ifike nyuzijoto 63 na ipumzishwe dakika 3, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifike nyuzijoto 70. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wapikiwe kwa kiwango hicho cha juu, pasipo mjadala. Nyama iliyotobolewatobolewa kwa mashine ya kuilainisha nayo ihesabiwe pamoja na ya kusaga.

Asiye na kipimajoto akate kijisehemu kidogo upande utakaokuwa chini kwenye sahani, achungulie. Atapoteza matone machache tu ya maji. Nyama si mfuko wa maji unaopasuka ukitobolewa, na wala ganda la nje halizibi chochote, ingawa katika karne ya 19 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alilieneza wazo hilo na linarudiwa hadi leo. Kama ganda lingeziba, nyama ingeacha kulia kikaangoni baada ya kupata rangi. Mbinu ya kulinganisha ulaini wa nyama na kiganja cha mkono siipendekezi, kwa kuwa fileti na nyama ya mgongo hazilingani ulaini hata zikiwa na joto moja.

Steki inayozidi sentimita 4 hupikwa vizuri zaidi kinyumenyume, kwa kuiweka kwanza kwenye oveni ya nyuzijoto 120 hadi katikati ifike 47 au 48, kisha kuimalizia kwenye kikaango kwa dakika moja kila upande. Tatizo katika mlo huu ni kwamba oveni hiyohiyo inahitajika kwa viazi kwenye joto karibu mara mbili ya hilo. Mwenye oveni moja abaki na steki za sentimita 3 na nusu.

Kupumzisha nyama na kutengeneza sosi

Weka steki juu ya waya kwa dakika 5 hadi 8. Ukiiweka moja kwa moja kwenye sahani, upande wa chini utalowa, na ukiifunika kwa karatasi ya alumini mvuke utalilainisha ganda ulilolitafuta kwa jasho. Kadiri inavyopoa kidogo, maji yake huwa mazito, na ukiikata hubaki ndani badala ya kutiririka.

Dakika hizo zinatosha sosi. Mwaga mafuta kwenye kikaango ubakize kama kijiko kimoja, na kama siagi imekuwa nyeusi, mwaga yote. Kaanga kitunguu kidogo kilichokatwa vidogo sana kwa dakika moja, kisha mimina nusu kikombe cha supu ya nyama au maji. Vile vikahawia vilivyogandamana chini ya kikaango ni ladha iliyojilimbikiza. Vikwangue kwa mwiko wa mti hadi vyote viyeyuke. Kikibaki kiasi cha vijiko vitatu au vinne, zima moto, koroga haradali na gramu 20 za siagi baridi zilizobaki, kisha ongeza matone yaliyodondoka chini ya waya wa nyama. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani nyama imeshaitoa ya kwake.

Toa viazi, vichanganye upesi na yale makombo ya kitunguu saumu na rozimari pamoja na chumvi kidogo, uvipakue mara moja. Tazama mistari ya nyuzi kwenye steki inaelekea wapi, ukate kwa kuipinga, vipande vya sentimita moja, kisha usage pilipili manga juu. Sosi iwekwe kando ya nyama au chini yake. Ikimwagwa juu ya viazi, ganda lake halitadumu hata dakika tano.

Vikibaki, hifadhi nyama na viazi kwenye vyombo tofauti ndani ya jokofu katika muda wa saa 2 baada ya kuiva. Viazi hurudi karibu na hali yake ya kwanza vikiwekwa kwenye oveni ya nyuzijoto 200 kwa dakika 10, au kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani. Maikrowevu huvigeuza kuwa kama mpira. Steki iliyolala isipashwe tena kwa moto mkali, maana itavuka kile kiwango ulichokihangaikia jana yake. Ikate nyembamba ikiwa bado baridi, uiache nje dakika 10, na uile na haradali.